Mfungo wa Laure

Kila asubuhi katika juma lile la misheni, Laure aliamka kabla ya wadogo zake, akachota maji, akawasha makaa na kusonga bukari ya unga wa muhogo mpaka mikono ikamuuma. Kisha aliiweka kwenye sahani ya bati pamoja na ndagala za kukaanga, wale dagaa wa ziwa lao, akaifunika kwa kitambaa safi na kushika njia ya kwenda kituo cha afya cha misheni. Alipita kando ya reli, akawapisha waendesha pikipiki waliokuwa wakigombania abiria, huku harufu ya chakula ikimchezea puani. Yeye mwenyewe hakuonja hata tonge moja.

Alikuwa amefunga. Kanisa lao lote lilikuwa likifunga na kuomba, kwa sababu waumini walikuwa wamejitoa kuwahudumia watu waliokimbia mapigano upande wa Nyunzu na kupiga kambi nje ya mji wa Kalemie. Wakubwa walifunga hadi jioni. Watoto waliambiwa wanywe uji wao wa asubuhi na kuendelea na kazi. Lakini Laure alikuwa na miaka kumi na mitatu na kichwa kigumu kuliko miaka yake. Aliona mfungo wa uji si mfungo. Akafunga kama wakubwa, tena bila kumwambia mtu.

Ukweli ni kwamba Laure alikuwa na donge moyoni. Alitamani kwenda kambini na kwaya, apande lori, ashike kipaza sauti, aone watu wakilia kwa furaha. Mama Séraphine, aliyeongoza kazi za misheni, alipogawa kazi alimpa kazi nyingine kabisa.

"Wewe utakuwa gadi-malade wa Nkambo Mbuyu," alimwambia.

Katika kituo kile, kila mgonjwa huja na gadi-malade wake, yaani ndugu wa kumpikia, kumwogesha na kumwaga beseni. Nkambo Mbuyu hakuwa na mtu. Nkambo maana yake ni bibi, na kweli aliwahi kuwa bibi wa wajukuu wawili, lakini walipotezana naye njiani siku ya kukimbia na hakuna aliyejua walipo. Alifika Kalemie peke yake, akikohoa, amebaki ngozi na mifupa.

Asubuhi moja lori la kwaya lilimpita Laure njiani. Jovial, mpiga ngoma wa kwaya na jirani yake, alichungulia juu ya ubao na kupaza sauti.

"Laure! Sisi tunaenda kukamata roho za watu, wewe unakamata masahani tu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Laure alijikaza kisabuni, akatazama mbele. Lori lilipopotea, alifuta macho kwa kona ya kile kitambaa safi.

Kituoni mambo yalikuwa yale yale ya jana na juzi. Aliweka sahani kwenye kiti kando ya kitanda, akarudi nyuma hatua chache kwa heshima, akafumba macho na kuomba. Aliomba kwa kirefu, midomo ikichezacheza. Alipofumbua macho, Nkambo alikuwa amegeukia ukutani.

"Nkambo, kula kidogo tu," alibembeleza.

Bibi alivuta shuka hadi masikioni. Siku zilizotangulia Laure alikuwa ameleta sombe ya majani ya muhogo, akaleta uji, akaleta hata kipande cha samaki ambacho mama yake alikuwa amemwekea baba. Vyote vilirudi nyumbani kama vilivyokuja. Wanasema bandu bandu huisha gogo, lakini gogo hili hata gamba halikubanduka.

Papa Casimir, muuguzi wa kituo, aliiona sahani na kusikitika.

"Sikiliza, mutoto yangu. Hizi dawa ni kali. Akimeza na tumbo wazi, anatapika zote. Kama hakule, tutamupoteza." Kisha akamtazama Laure vizuri, akaona midomo iliyokauka. "Na wewe, umekula?"

"Ndiyo, Papa," Laure alijibu upesi.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Papa Casimir akaondoka kumwona mgonjwa mwingine, na Laure akabaki na uwongo wake mdomoni kama mwiba wa samaki. Siku nzima ulimchoma. Alipokuwa akifua nguo za Nkambo nyuma ya kituo, aliamini kwamba Mungu amekasirika, na kwamba bibi hali kwa sababu ya dhambi yake. Angeweza kurudi kwa Papa Casimir na kusema kweli. Badala yake aliamua kuukaza mfungo, na kesho yake hata maji hakunywa.

Hapo maji yalizidi unga. Kichwa kilimgonga, miguu ilimlegea, na Nkambo alizidi kusinyaa. Laure alimwaga beseni, akabadilisha shuka, akapangusa sakafu, na kila alipoinamisha mgongo aliona kazi ile haina maana yoyote. "Mungu, kama unataka kumponya, mponye," alinong'ona. "Na kama hutaki, mimi nafanya nini hapa?" Alisikia kikohozi tu, na kila siku kilikuwa kidogo kuliko cha jana, kwa kuwa hata nguvu za kukohoa zilikuwa zikimwishia bibi.

Siku iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Laure alifika amelowa, sahani ameikumbatia kifuani ili isiingie maji. Papa Casimir alimpokea mlangoni. Hakuitazama sahani.

"Nimetuma muntu amuite Mama Séraphine," alisema kwa upole. "Akuje kumuombea Nkambo."

Laure alielewa. Katika chumba kile Mama Séraphine aliitwa tu pale dawa zilipokuwa hazina kazi tena. Alikwenda akaketi sakafuni kando ya kitanda, sahani mapajani. Alitaka kuomba, maneno hayakuja. Alimwonea huruma bibi, akajionea huruma na yeye mwenyewe, na huzuni ile ilikuwa kubwa mno kwa mtoto wa umri wake. Aliona ameshindwa. Ameshindwa kuimba, ameshindwa kuhudumu, ameshindwa hata kusema kweli. Mbele ya macho vilianza kucheza vidoadoa vyeusi.

Bukari ilikuwa bado na moto. Laure hakupanga kufanya alichofanya. Mkono ulikwenda wenyewe, ukamega tonge, ukachovya kwenye mchuzi wa ndagala, ukapeleka mdomoni. Kisha ukamega lingine. Alikula chakula cha mgonjwa huku akilia, machozi na kamasi vikichanganyika na mchuzi, na aliona aibu kiasi kwamba alitamani ardhi immeze.

Kitanda kililia. Laure aliinua uso na kukuta Nkambo Mbuyu amegeuka, amejiegemeza kwenye kiwiko, anamtazama. Macho yalikuwa makavu na makali.

"Leta hapa," alisema bibi.

Laure alidhani ananyang'anywa. Akasogeza sahani. Mkono mkavu ukashuka, ukamega upande ule ule aliokuwa amemega yeye, ukafinyanga tonge dogo polepole. Nkambo akalitia mdomoni. Akatafuna. Akameza.

"Nkambo!" Laure aliita. "Unakula!"

"Nitaacha kula namna gani? Nina njaa." Sauti yake ilikwaruza. "Kila siku unaleta chakula, unaweka pale, unafunga macho, unasemasema juu yake kama mulozi. Kisha unakaa mbali. Wewe haukule. Kwetu, mwenye kuleta chakula njo anaonja wa kwanza. Kama haonje, unajua mule ndani muko kintu. Mimi nilisema moyoni, hawa watu wanataka nife bila kelele."

"Hapana, Nkambo! Nilikuwa nakuombea! Sikukula kwa sababu nilifunga. Nilifunga juu yako, upone."

Bibi aliacha kutafuna, akamtazama yule msichana aliyelowa, mwenye mashavu yaliyobonyea.

"Juu yangu?" alisema. "Maskini. Basi tulikuwa tunakufa njaa sisi wawili."

Papa Casimir alisikia sauti akaja mbio. Alipoona sahani imefika nusu, hakuuliza maswali. Alileta dawa na kikombe cha maji, bibi akameza. Wote wakakaa kungoja, roho mkononi, kuona kama atazitapika. Hakutapika. Walipokuwa bado wanangoja, Mama Séraphine aliingia na Biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki, uso wake umejiandaa kwa msiba. Akasimama mlangoni, haelewi.

Laure alimweleza yote, macho chini: mfungo wa siri, maombi ya mbali, na uwongo aliomwambia Papa Casimir. Mama Séraphine alisikiliza hadi mwisho. Akavuta kiti.

"Laure, sitakuficha, kosa ulilifanya," alisema. "Siku ile Papa alipokuuliza, ungesema kweli, angekukalisha pale pale ukule. Nkambo angekuona unakula, na yeye angekula. Uwongo mudogo ulikaribia kuua muntu. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Papa Casimir, nisamehe."

"Na kufunga ni kuzuri, mwanangu. Lakini kufunga kwako kulikuwa kwa kujipima na wakubwa, na kwa kujipima ukasahau kumutazama huyu mwenye unamuhudumia. Ulikuwa unangojea kazi kubwa ya Mungu. Kazi kubwa ilikuwa kukaa chini na kula pamoja naye. Kupika, kufua, kumwaga beseni, kuonja bukari ili muntu asiogope, hiyo njo misheni. Wale wenye kuimba kambini na wewe mwenye kushika sahani, wote munatumika kazi moja. Mimi pia nimeleta vyakula hapa mara nyingi, nikaviweka na kwenda. Sikukaa hata siku moja..."

"Mama," Nkambo Mbuyu alimkatiza kutoka kitandani. "Maneno yako ni mazuri, lakini bukari inapoa. Wewe utaonja, ama utaomba tu?"

Jioni ilikuwa bado mbali, na mfungo wa wakubwa haujaisha. Mama Séraphine aliiweka Biblia juu ya meza ya dawa. Akaomba maji, akanawa mikono, akaketi sakafuni karibu na Laure, akamega tonge.