Migomba Chini ya Kiti cha Koko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Naipanoi aliteka maji, akafagia ua wa nyuma, kisha akamtolea Koko kiti. Koko ndivyo alivyomwita bibi yake mzaa baba, aliyeletwa mjini kutoka Olmotonyi miguu ilipoanza kumsumbua. Kuteka maji na kufagia alikufanya haraka haraka, kama mtoto yeyote wa darasa la sita anayeona jua linapanda. Ile kazi ya kiti ndiyo aliyoifanya polepole.

"Koko, takwenya," alisalimia, akainamisha kichwa.

"Iko," Koko aliitikia, akamgusa utosini kama wazee wa Kiarusha wanavyowapokea watoto. "Kiti changu umekiweka wapi leo?"

"Pale karibu na karo, Koko."

"Kwenye karo kuna kivuli na maji ya sabuni. Kirudishe pale pangu."

Pale pake palikuwa katikati ya ua. Jua la asubuhi lilifika hapo kwanza, na mawingu yakiondoka, Mlima Meru ulionekana wote mpaka kileleni. Koko alipapenda kweli. Naipanoi alipaogopa kuliko mahali pengine popote Arusha nzima. Alikirudisha kiti taratibu, akikanyaga kwa vidole kana kwamba ardhi imelala na hataki iamke, halafu akachukua begi lake akaenda shule. Darasani mwalimu alifundisha hesabu za sehemu, lakini yeye alikuwa akiwaza kiti tu.

Hofu hiyo aliitengeneza mwenyewe, tena likizo ya Desemba, wakati wenzake walikuwa wakicheza rede.

Kabla ya hapo ua wa nyuma wa nyumba yao, kule Sekei, haukuwa na faida kwa mtu. Ulijaa migomba iliyozeeka, magugu, vipande vya matofali, na choo cha shimo cha zamani kilichoachwa tangu walipojenga choo cha ndani. Mama yake, Agnela, alipikia kwenye korido, na moshi ukaingia vyumbani. Nguo alizianika kwenye uzio wa mbele, zikachafuliwa na vumbi la barabara siku ile ile zilipofuliwa.

"Nyuma kuna nafasi kubwa kuliko sebule," baba yake, Lemburis, alisema siku moja. Yeye alikuwa fundi ujenzi. "Tuitengeneze. Upate jiko, upate kamba za nguo, na mama yangu akija apate pa kuotea jua."

Wakakata migomba, wakaipanga kando. Baba na wenzake wakabomoa kile choo na kulijaza shimo mawe mpaka likabaki kimo cha mtu mzima. Hapo Baba akapata kazi ya nyumba moja Themi, akawa anaondoka alfajiri. Sehemu iliyobaki akawaachia Naipanoi na binamu yake Tajeu, kijana wa kidato cha pili aliyekuja likizo.

"Mawe makubwa, mawe madogo, halafu moram, ule udongo wa changarawe, mnashindilia," aliwaelekeza. "Mkimaliza mnaanza tena hivyo hivyo hadi juu. Mkichoka pumzikeni, wala sina haraka. Na mkiondoka mlifunike kwa mbao. Hiyo migomba mpelekeeni jirani, ng'ombe wake wataila."

Mawe yalikuwa yamemwagwa mbele ya nyumba, barabarani. Kuyafikisha nyuma ilibidi kusukuma toroli lenye gurudumu bovu kwenye uchochoro mwembamba kati ya ukuta na uzio. Siku ya kwanza walifanya kazi huku wakitaniana. Siku ya pili viganja vyao vilitoka malengelenge, na utani ukaisha wenyewe.

Tajeu aliketi juu ya rundo la migomba, akaipiga kofi. "Hii kitu ina uzito kama jiwe. Kwa jirani mbali, shimo karibu. Tuitumbukize humu, tufunike na moram. Nani atajua?"

"Baba alisema mawe."

"Baba yuko Themi."

Naipanoi aliangalia viganja vyake, akaliangalia lile toroli. Hakusema ndiyo. Alishika tu ncha ya mgomba wa kwanza, na hiyo ilitosha. Kabla ya chakula cha mchana shimo lilikuwa limejaa. Walimwaga moram juu, wakashindilia vizuri, wakamwagia maji, wakashindilia tena. Kwa juu palipendeza kuliko hata kazi ya Baba.

Jioni Baba alikuta mawe mengi bado yako barabarani. Alisimama akiyatazama kwa muda.

"Mbona yamebaki hivi?"

Tajeu alianza kumtazama kuku aliyekuwa akipita. Basi ikabidi Naipanoi ajibu. "Shimo limejaa, Baba."

Baba alikuna kichwa. "Basi nilikadiria vibaya," alisema. Mawe yaliyobaki akayatumia kujengea msingi wa karo la kufulia na njia ya kwenda jikoni.

Ua ukageuka kuwa sehemu wanayoipenda watu wote wa nyumba ile. Mama akapata jiko lenye paa la bati na dirisha la kutolea moshi. Kamba za nguo zikafungwa kwenye nguzo, mchicha ukaota pembeni mwa uzio, na jioni familia ikala chakula nje. Tajeu alirudi shule yake ya bweni, akaondoka na begi lake na kuiacha siri yote kwa Naipanoi. Halafu Koko akaja, akauzunguka ua mzima kwa fimbo yake, akachagua pa kukaa. Akachagua pale pale.

Kulipokuwa kukavu Naipanoi alijifariji. Alijiambia kwamba migomba imekauka ikawa migumu, kwamba Tajeu ni mtu wa sekondari na lazima anajua mambo. Lakini mwezi Machi mvua zilianza, na mvua za chini ya Mlima Meru zikianza huwa hazitanii.

Kwanza lilitokea dimbwi katikati ya ua. Sehemu nyingine zote maji yalitiririka, pale yakasimama. Kesho yake dimbwi halikuwepo, na jua halikuwa limewaka. Maji yale yalikwenda wapi? Naipanoi alijua yalikokwenda. Siku nyingine Koko alipokuwa akiinuka, fimbo yake ilizama ardhini karibu nusu.

"Ua wenu huu laini kama ugali wa mgonjwa," Koko alisema, akaichomoa fimbo na kuiangalia ncha yake. Ilikuwa na tope jeusi linalonuka. Akamtazama mjukuu wake. Naipanoi akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala.

Jioni hiyo aliamua kusema. Alimpelekea Baba maji ya kunawa, akasimama mbele yake, maneno yakiwa tayari mdomoni. Lakini Baba alikuwa amerudi na hasira. Kule saiti kibarua mmoja alikuwa amepanga tofali bila kuweka sementi ya kutosha, akafunika kwa lipu, na ukuta ukapasuka.

"Mtu wa kuficha kazi mbovu simtaki karibu yangu," Baba alisema huku akinawa. "Leo leo nimemwondoa. Ulitaka kusema nini?"

"Hakuna, Baba."

Maskini Naipanoi, alikimbilia kitandani akajifunika shuka mpaka kichwani. Akawaza kama na yeye ataondolewa, na kama mtu anaweza kuondolewa nyumbani kwao. Tangu hapo kila alipotoka shule alikimbia njia nzima. Akifika alichungulia kwanza kwenye kona ya nyumba ili aone kama Koko bado yupo.

Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa ya usiku, Mama alimtuma sukari dukani. Alikusudia kurudi mapema ili akiweke kiti mahali salama kabla Koko hajatoka. Dukani akakuta foleni. Aliporudi na kuzunguka kona, Mama alikuwa ameshamtolea Koko kiti. Koko alikuwa amekaa pale pake, amejifunga shuka lake jekundu, anaota jua.

Ardhi kumzunguka ilikuwa imebonyea kama sahani. Ufa mwembamba ulikizunguka kile kiti, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umeanza kuzama. Koko alidhani ni tope tu, akawa anajisogeza ili akae sawa. Na Mama alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha chai, anakuja moja kwa moja.

"Mama, simama. Usikanyage hapo."

Mama alishtuka. "Una nini wewe?"

Sukari ilimponyoka Naipanoi mkononi. Aliogopa kusema, na aliogopa zaidi kunyamaza. "Chini hakuna mawe. Kuna migomba. Tulijaza migomba, nikamdanganya Baba, na imeoza. Koko amekaa juu ya shimo."

Mama alikiweka kikombe chini polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini sauti aliishika.

"Yeyo, usiinuke," alimwambia mkwewe. "Kaa hivyo hivyo, usijitikise. Naipanoi, mbao za Baba, zile ndefu."

Mbao za jukwaa zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Walizibeba pamoja, wakazitelezesha juu ya ule mbonyeo, ncha zikalala kwenye udongo mgumu huku na huku. Mama akataka kupanda. Naipanoi akamshika nguo. "Mimi ndiye mwepesi," alisema. Mama alisita, akaona ni kweli, akalala chini kwenye udongo mgumu akamshika miguu.

Naipanoi alitambaa kwa tumbo juu ya mbao. Chini yake alisikia kitu kikinong'ona, udongo unaomeguka na kudondokea majini. Harufu ya kuoza ilimjaa puani. Akanyoosha mkono.

"Nishike, Koko. Shuka kwa magoti uje kwenye ubao."

Koko aliushika. "Mkono wako unatetemeka."

"Naogopa, Koko."

"Hata mimi naogopa. Vuta."

Alivuta. Goti moja la Koko liligusa ubao, kisha la pili, na hapo ardhi ikaachia. Haikutoa kishindo kikubwa. Ilizama tu, na kiti kikazama nacho, na fimbo ikakifuata. Mbao zilipinda zikapiga kelele lakini hazikuvunjika. Mama aliwavuta wote wawili, wakaanguka kwenye mchicha, wakabaki pale wakihema. Koko alianza kulia kwa sauti ndogo. Naipanoi hakuwahi kumwona akilia, na kilio kile kilimchoma.

Baba alipigiwa simu, akaja na nguo za kazi. Alimpima Koko kwa macho toka kichwani hadi miguuni, akamshika mikono, ndipo akaenda kwenye shimo. Alichuchumaa ukingoni akatazama lile tope jeusi kwa muda mrefu. Naipanoi alimsogelea mwenyewe.

"Baba, nilikudanganya. Nilisema limejaa, na tulikuwa tumetupa migomba."

Alisubiri fimbo. Alisubiri kufukuzwa. Baba hakuinuka.

"Mimi nimejenga miaka mingi," alisema taratibu. "Jioni ile niliyaona yale mawe, nikajua hayawezi kubaki. Macho yangu yaliniambia. Lakini mwanangu alisema limejaa, nikaamini neno lako nikayaacha macho yangu. Kwa neno lako nikamweka mama yangu juu ya shimo."

Naipanoi alilia kuliko ambavyo angelia kwa viboko.

Kazi ilianza upya wiki hiyo. Baba alizungushia shimo uzio wa miti, akashuka mwenyewe kwa kamba na ngazi kutoa uozo kwa ndoo, na Naipanoi alizipokea ndoo akiwa amesimama mbali kidogo, akazimwaga na harufu yake yote. Njia ya jikoni ilivunjwa ili mawe yarudi yalikotakiwa. Tajeu alipokuja likizo ya Pasaka hakusalimiwa kwa maneno mengi; alikabidhiwa toroli. Mawe makubwa, mawe madogo, moram, wakashindilia, wakaanza tena. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakawa ngozi ngumu. Baba hakumpunguzia mtu hata safari moja.

Walipofika juu, Koko alitoka nje ameshika fimbo mpya. Mama alikuwa nyuma yake na kiti.

"Lemburis ameniambia panakalika," Koko alisema. "Lakini sikumuuliza yeye. Nakuuliza wewe, Naipanoi. Nikae?"

Tajeu alitazama chini. Naipanoi aliona kwamba wote walikuwa wanangoja neno lake tu.

"Kaa, Koko. Kila jiwe nililiona likiingia."

Koko hakukaa mara moja. "Ulikuwa ukiogopa tangu mvua zilipoanza," alisema. "Nilikuona unavyohamisha kiti. Ulidhani unaogopa shimo, kumbe uliogopa kusema. Ungesema siku ile ile, ungekosa usingizi siku moja, baba yako angefoka, na yangeisha. Ulinyamaza, hofu ikakaa na wewe miezi, na mimi nikakaa juu yake bila kujua. Mjukuu wangu, kazi ikikuchosha, sema umechoka. Ukikosea, sema umekosea. Watu wa nyumba moja wanakanyaga pale ulipowaambia pako sawa."

"Nimesikia, Koko."

"Haya, weka kiti."

Naipanoi aliweka kiti katikati ya ua, jua lilipokuwa limeshafika. Koko alimpa fimbo amshikie, akageuka, akaketi kwa uzito wake wote.