Jioni Waliyokikunja Kioo

Mzee Tweve, jirani wa Mama Tamali, huapa kwamba jioni ile kioo kilipofunguliwa mara ya kwanza, jogoo wake aliwika mpaka sauti ikamkauka, kisha akalala chali bandani kama mlevi. "Muulizeni mke wangu," husema. Mkewe hucheka tu.

Jogoo tumwache. Kioo chenyewe kila mtu vilimani Njombe anakijua: turubai jembamba linalong'aa, pana kuliko mji, linaloelea juu mno angani. Jua likizama, kiooanga hujikunjua na kurudisha mwanga wake mashambani, ili umande usigande juu ya viazi. Tangu kije, mwezi wa sita hauna baridi ya kuua mazao. Wala usiku haupo tena.

Anayekiongoza ni Twilumba, binti wa Mama Tamali, akisaidiwa na akili unde inayosema naye kwa upole kama muuguzi.

Baba yake alifariki juma lile lile kioo kilipofunguliwa. Twilumba hakwenda kuzika. Angetoka kituoni anakokiongozea, kioo kingeyumba na viazi vya watu vingeungua kwa baridi. Tangu hapo mama yake humpokea vizuri, humwandalia chai, na kumwita mgeni. "Karibu mgeni. Kaa hapo, mgeni."

Zamani, katika usiku mrefu kuliko wote, kila nyumba ilifukia moto wake chini ya jivu. Aliyemkosea mwenzake alikwenda gizani mpaka mlangoni pake, akasema: naomba moto. Hakuna aliyeuona uso wa mwenzake, hivyo aibu haikuwa na pa kukaa. Ukipewa kaa la moto, yamekwisha. Kioo kilipokuja, desturi ile ilikufa bila mtu kuikataza. Utaombaje moto kweupe?

Mwaka huu Twilumba aliwaendea majirani, akawaomba jioni moja ya giza.

"Viazi vyangu vikiungua, utanilisha wewe?" Mzee Tweve akamuuliza.

"Nitakulisha, baba."

"Mimi nakula sana."

"Nakujua."

Mzee akakuna kidevu. "Basi na jogoo wangu naye apumzike. Haya, tukate nyasi."

Watu walishinda mashambani wakifunika viazi kwa nyasi kavu, kama walivyofanya babu zao. Mama Tamali naye alifunika vyake, mgongo ameuelekeza kwa bintiye.

Jua lilipozama, Twilumba alisema, "Kikunje."

"Baridi itashuka," akili unde ikamwonya. "Viazi vingine vitakufa."

"Najua. Kikunje."

Giza likaingia. Mtoto mmoja akalia, hajawahi kuliona. Moto mmoja mmoja ukafukiwa. Twilumba akachukua kigae cha chungu, akapapasa njia mpaka kwa mama yake.

"Kamwene, mama," akamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

Alisikia pumzi, karibu kuliko alivyodhani. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Siku ya kumzika baba mlichelewa, jua likawazamia kaburini. Ule mwanga mliomalizia kuzikia, niliushika mimi. Sikukiacha kioo kiyumbe." Twilumba akasogea karibu na mlango. "Najua haukuwa udongo. Nilitakiwa nije kutia udongo."

Pumzi ile ikasimama kidogo, ikaendelea.

"Naomba moto, mama."

Akanyoosha kigae gizani, umande ukianza kuganda kwenye mikono ya sweta lake.