Ufa Kwenye Tuta la Maboga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mageni alimwagilia bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, pembezoni mwa mji wa Geita. Alianza na mchicha, akafuata nyanya, akamalizia na tuta la maboga lililokuwa kati ya mpapai na jiko la nje. Mama yake alichuma mboga za kupeleka sokoni, na mdogo wake Edson, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alifukuza kuku wasiparue miche. Baba yao alikuwa dereva wa lori, na mara nyingi alikuwa safarini.

Mwezi ule kazi ya bustani iliongezewa raha. Shangazi Salome alikuja kuwatembelea kutoka Ngokolo, Shinyanga, akamwachia mama simu yake ya zamani. Ilikuwa imekwaruzika kotekote, lakini kamera yake ilikuwa nzuri. Wakati huohuo, Mwalimu Telesphori wa klabu ya picha aliwaambia wanafunzi wapige picha katika bustani za nyumbani kwao. Picha bora zingechapishwa na kubandikwa ukutani siku ya wazazi.

"Msisimame tu na kubonyeza," aliwaambia. "Pigeni magoti, laleni chini. Litazameni jani kama mdudu anavyolitazama. Kisha mwamue nini kiingie kwenye picha na nini kibaki nje."

Mageni alilishika neno hilo. Alipiga picha ya tone la umande likining'inia kwenye jani la nyanya, na ndani ya tone ikaonekana nyumba yao ikiwa imepinduka, paa chini. Alipiga jani la mgomba likiwa mbele ya jua, mishipa yake yote ikionekana. Lakini picha aliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya maboga. Alitaka kulala kifudifudi ayapige kutokea chini, yaonekane makubwa kama vilima.

Hapo ndipo alipouona ufa. Ulikuwa mwembamba kama mstari uliochorwa kwa kijiti. Ulianzia kwenye uzio wa mabati wa jirani, ukapita katikati ya tuta, ukaelekea jikoni. Mageni alipiga picha moja ya kujaribu mwanga, akaitazama, akakunja uso. Ufa ulikuwa umeiharibu. Akachota udongo, akaujaza, akapigapiga kwa kiganja mpaka pakawa sawa, ndipo akapiga tena.

Kesho yake ufa ulikuwa umerudi, na sasa kidole kingeweza kuingia.

Alipolala chini apige picha, alisikia kitu kifuani. Du. Du. Du. Hakikutoka moyoni mwake. Kilitoka ardhini.

"Mama," alisema, "huku chini kunagonga."

"Ni kwa Makoye," mama alijibu huku akifunga mafungu ya mchicha. "Alisema wanachimba choo. Fanya haraka, utachelewa shule."

Makoye alikuwa amepanga nyumba ya jirani baada ya masika. Alikuwa amezungushia ua wake mabati marefu kuliko mtu, na redio yake iliimba kwa sauti kubwa kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Baada ya hapo mambo ya bustanini yalizidi kuwa ya ajabu. Maji aliyomwaga kwenye tuta hayakutuama hata kidogo. Yalipotea mara moja, kana kwamba yamemezwa. Kuku waliacha kulala chini ya mpapai. Kutoka kwenye ufa, ambao sasa mkono ungeweza kuingia, ulipanda mvuke wenye joto, unaonuka kama baruti.

Mageni alitaka kumwambia mama. Lakini alijua mama angelifumua tuta lote kutafuta panya, na picha yake ilikuwa bado. Kwa hiyo alifanya kama alivyozoea. Alipiga moja ya kujaribu mwanga, kisha akakata jani pana la mgomba, akalilaza juu ya ufa. Akapanga maua ya maboga juu ya jani. Picha iliyotoka ilikuwa nzuri kuliko zote.

Alipoinua macho, aliona kichwa cha Makoye juu ya mabati, kama mtu aliyepanda juu ya kitu.

"Shikamoo, baba," Mageni alisema.

"Marahaba, mayu," Makoye alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Unapiga nini hapo chini kila siku?"

"Maboga."

Makoye alitabasamu kwa mdomo tu. "Piga maboga. Simu isitazame huku kwangu. Na mambo ya jirani hayapelekwi shuleni, umenielewa?" Akanyoosha mkono juu ya mabati, akampa pakiti ya biskuti. "Mpe mdogo wako."

Mageni aliipokea.

Alhamisi mchana, baada ya shule, mama alikuwa bado sokoni. Mageni alikaa kizingitini akichagua picha za kupeleka shuleni. Edson alimfukuza jogoo kuelekea kwenye maboga, akakanyaga jani la mgomba.

Jani lilizama. Mguu mmoja ulitumbukia, ukafuata wa pili, mpaka ardhi ikamshika kwapani. Hakulia. Alimtazama tu dada yake, mdomo wazi.

Mageni alikimbia, lakini alipokaribia alihisi udongo ukilegea chini ya nyayo zake. Akajilaza kifudifudi, akatambaa, akamshika Edson mikono yote miwili na kumvuta. Udongo uliporomoka pembeni mwao, na ilichukua muda kabla ya kusikika ukifika chini. Kisha, kutoka ndani kabisa ya ardhi, sauti ya mwanaume ilisema, "Udongo unamwagika huku."

Alimtoa mdogo wake, akambeba mgongoni, akakimbia naye mpaka sokoni.

"Mama, kuna watu chini ya bustani yetu," alisema huku akihema. "Ufa niliuona tangu zamani. Nimeufunika mwenyewe kwa jani, ili picha iwe nzuri. Edson ametumbukia."

Mama aliutazama mguu wa Edson uliochubuka. Hakumpiga Mageni, wala hakumgombeza. "Njoo na hiyo simu," alisema. Aliacha mboga zake mezani, wakaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Edward.

Mwenyekiti alikuja na wajumbe wawili. Makoye alisimama langoni, akaiziba njia.

"Ni shimo la choo tu, mwenyekiti," alisema kwa upole. "Huyu mtoto ni mtundu. Pengine amechimba mwenyewe."

Mageni alifungua simu. Zile picha za kujaribu mwanga zilikuwa bado zimo. Ya kwanza ilionyesha ufa mwembamba, iliyofuata ukiwa umepanuka, na ya mwisho ukiwa umeachama kama mdomo. Katika zote, ufa ulitokea kwenye uzio wa Makoye na kuelekea jikoni kwao.

Mzee Edward alizitazama moja moja. "Choo hakitembei chini ya bustani ya mtu," alisema, kisha akawapigia simu polisi na afisa wa madini.

Walipofika, waliingia uani kwa Makoye, na chini ya turubai wakakuta duara, shimo refu la wachimba dhahabu, lenye ngazi ya miti. Kutoka chini ya duara hilo, njia ilikuwa imechimbwa kufuata mawe ya dhahabu, ikapita chini ya maboga. Afisa aliwaamuru waliomo watoke. Vijana watatu walipanda, nyuso zao zikiwa za kijivu kwa vumbi. Wa mwisho aliketi chini, akasema magogo ya kuzuia udongo yalikuwa yakilia tangu jana, lakini waliambiwa waendelee.

Makoye alichukuliwa na polisi. Afisa aliwaondoa watu wote katika nyumba zile mbili, wakasimama barabarani.

Jua lilipokaribia kuzama, ardhi ilitoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi. Mpapai ulishuka ukiwa wima, pamoja na matunda yake. Tuta la maboga likafuata, kisha jiko. Saa ile, siku nyingine yoyote, mama angekuwa ndani akisonga ugali. Aliwashika watoto wake mabega kwa nguvu.

Familia ilihifadhiwa na jirani mwingine, Mama Goodness, mpaka shimo lilipojazwa kifusi na wataalamu wakathibitisha kuwa nyumba ni salama. Baba alirudi kutoka safari, akajenga jiko jipya upande wa pili.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mageni alimpelekea Mwalimu Telesphori picha mbili zilizochapishwa, ile ya maua ya maboga na ile ya ufa.

"Mwalimu," alisema, "ulitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, lakini haikusaidia."

Mwalimu aliziweka picha hizo mezani, moja kando ya nyingine.

"Hukuuziba, Mageni. Uliufunika," alisema taratibu. "Anayeziba ufa huuliza kwanza umetoka wapi, na akishindwa kujua, humwita mkubwa amsaidie. Anayefunika anataka tu usionekane. Katika picha una ruhusa ya kuacha kibaya nje. Katika maisha huna, kwa sababu kile ulichokiacha nje bado kipo, na kuna mtu atakayekikanyaga."

Kisha akachukua gundi, akaibandika ukutani picha ya ufa.