Doa Jekundu Sakafuni

Taa ya Jicho iliwaka kijani wakati tufe lingali ndani ya kasha lake.

Otilia Barragán aliiona, akasimama na waya mkononi. Jicho ndilo jina walilokipa kifuatiliaji cha leza, mashine yenye kichwa kinachozunguka juu ya stendi, na kazi yake ni moja tu: kulitazama tufe dogo la chuma lenye vioo ndani, popote linapobebwa, na kusema liko wapi kwa usahihi ambao unywele mbele yake ni gogo. Lisipoliona tufe, taa huwa nyekundu. Kijani maana yake limelishika. Na kasha la tufe lilikuwa kwapani mwa mumewe, Evaristo, aliyekuwa bado mlangoni na makombo ya gordita, mkate mnene wa mahindi, kwenye masharubu.

"Evaristo, umefungua kasha?"

"Nilifungue kwa mkono upi, bibie? Huu una kahawa, huu una kasha. Labda unikopeshe wako."

Otilia hakucheka. Mshale wa leza ulikuwa umeelekea chini ya fremu, ile mitambaapanya ya vyuma wanamoundia bawa la ndege, nao uliishia hewani, kimo cha kifua cha mtu. Akatazama programu ya vipimo kwenye kompyuta. Tarakimu zilikuwa zinatetemeka. Mpimaji yeyote analijua hilo: tufe likikaa kwenye kikalio chake cha sumaku, tarakimu hutulia, likishikwa na mkono wa mtu hutetemeka, kwa sababu mtu ana mapigo, mtu anapumua.

"Kuna mng'aro mahali," alisema, akajilazimisha kuamini. "Funika kile chuma king'aavu."

Evaristo akafunika kwa koti lake. Tarakimu ziliendelea kutetemeka vilevile.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku ya wapimaji, maana siku nyingine winchi za kiwanda hutikisa sakafu. Ukumbi mzima ulikuwa wao wawili. Yeye hukaa kwenye kompyuta, mumewe hubeba tufe; yeye husema "hapo", mumewe hubana pumzi. Kabla ya Evaristo, mbebaji alikuwa Amador Villalpando, mtu mpole, aliyeangukiwa na nguzo ya fremu hiyohiyo siku za Kwaresima, akafia palepale. Na hapo ndipo ubaya ulipoingia. Watu wa Querétaro, mji huu wa Meksiko, wana desturi yao: pale mtu alipokata roho huchorwa msalaba wa chokaa, husaliwa rozari usiku tisa, kisha chokaa hunyanyuliwa na kupelekwa kaburini, ili kivuli cha marehemu kisibaki kinatangatanga. Wenzake walikuja na chokaa yao kwenye ndoo. Meneja, Bwana Rentería, akawazuia mlangoni. "Chokaa ni vumbi," alisema, "na vumbi na vipimo haviwekwi nyumba moja." Jioni ile sakafu ikaoshwa. Baada ya wiki ikapakwa rangi ya kijivu ukumbi mzima, ikawa haina alama ya chochote.

"Tuanze, mke wangu. Nataka kuwahi mpira," Evaristo alisema, akachukua tufe, akaingia chini ya fremu.

Hatua chache tu alizopiga mle ndani, harufu ikaja. Otilia aliisikia akiwa palepale kwenye kompyuta: harufu ya gunia lililolowa, na nyuma yake harufu ya damu, kama ukipita buchani asubuhi. Akataka kusema kitu. Evaristo akamtangulia, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Oti."

"Nini?"

"Usipige kelele. Kuna mtu kanishika mkono."

Otilia alimwona mumewe amesimama peke yake, mkono umenyooka mbele, vidole vimekaza kwenye tufe hadi vimekuwa vyeupe, na juu ya vidole vile hapakuwa na kitu, lakini nyama ya mkono wake ilikuwa imebonyea, mabonyeo manne upande mmoja na moja upande wa pili, yakibana, yakikaza, kana kwamba aliyekuwa akibeba tufe zamani ameona limo mikononi mwa mgeni na sasa anadai arudishiwe kazi yake. Tufe likaanguka. Kwa kawaida likianguka, leza hukatika na taa hurudi nyekundu. Taa ilibaki kijani. Kichwa cha Jicho kikageuka taratibu, kikifuata kitu kilichokuwa kikimzunguka Evaristo, kikamzunguka tena, kisha doa jekundu likatua kifuani pake na kukaa, na Evaristo akatoa ukelele mmoja mwembamba ambao mkewe hakuwahi kuusikia kwake hata siku alipomzika mama yake.

Toka hapo Evaristo hakuwa Evaristo. Alilala mchana, akaamka kwa kusukumwa. Tortila, chapati za mahindi alizozipenda, ziligeuka mbao mbele yake. Zahanati wakatoa damu, wakapiga picha, wakasema ana afya. Otilia aliwaambia majirani ni mafua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwisho alimbeba kwenye teksi mpaka kwa Bi Chona, mama wa rozari wa mtaa wa Hércules, bibi mfupi mwenye ulimi mkali.

Bi Chona alimshika Evaristo kifundo cha mkono, kisha akamwachia.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo vipi, Bibi? Si huyu hapa?"

"Hili ganda, binti yangu. Alipostuka, kivuli chake kiliruka kikabaki palepale. Na pale pana mwenziwe aliyekosa chokaa. Watakuwa wawili sakafu moja. Mumeo hamalizi mvua hizi."

Otilia akaanza kulia, bila hata kufunika uso.

"Machozi weka. Tunaanza na marehemu, tumnyanyue. Akishatoka, tunamwita huyu wako arudi. Ila mnionyeshe walipo. Msiniambie hapa-hapa karibu na nguzo! Chokaa hunyanyua kilicho chini yake, haibagui. Na ukiita, ganda likiwa wazi, huitika yeyote aliyepo."

"Hilo niachie mimi, Bibi," Otilia akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile roho yake ikatulia. Kuonyesha kitu kilipo ndiyo kazi yake. Programu ilikuwa imehifadhi kila pointi: ile Jicho lilipomshika kwanza asiyeonekana, na ile tufe lilipomponyoka mumewe. Zilipishana hatua chache tu kwenye sakafu isiyo na alama. Jicho lingetupa doa jekundu juu ya kila moja.

Rentería alikubali shingo upande. "Jumapili, na Jumatatu nisione hata punje ya chokaa." Fremu ikasogezwa kando kwa winchi. Jumamosi wafagiaji walisukuma stendi ya Jicho pembeni, wakapiga deki, wakairudisha kwenye alama zake za utepe.

Sasa, kuna sheria ambayo mpimaji hufundishwa siku ya kwanza kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi: Jicho likisogezwa, hata kwa kikumbo cha mtu aliyelewa, halijui tena limesimama wapi. Sharti ulibebe tufe, ulikalishe kwenye kila kikalio cha sakafuni, mpaka lijitambue upya. Otilia aliijua sheria hiyo kuliko Baba Yetu. Lakini asubuhi ile ukumbi ulikuwa umejaa watu wananong'ona, Prisca, mjane wa Amador, amesimama na mshumaa, na Evaristo juu ya kigoda kichwa kimemlalia begani.

"Nani atanibebea tufe?" Otilia aliuliza.

Wote wakatazama viatu vyao. Mbebaji wa kwanza yuko kaburini, wa pili ndiye huyo pale kigodani. Angelibeba mwenyewe, lakini kwenda na kurudi kwenye kompyuta kwa kila kikalio kungechukua muda mrefu.

"Binti, anakwisha huyu," Bi Chona akamwambia chinichini. "Unangoja nini?"

Otilia akatazama miguu ya stendi. Imekaa ndani ya alama, alijiambia. Imekaa vizuri. Akabonyeza.

Doa jekundu likatua sakafuni. Bi Chona akamwaga chokaa msalaba mzima, akasali, na wasimamizi wanne wa msalaba wakaanza kuufagia, mkono wake mmoja baada ya mwingine, kwa mashada ya maua, wakiingiza kwenye sanduku dogo. Walipofikia kichwa cha msalaba, Evaristo akavuta pumzi ndefu pale kigodani, akaishusha, akalegea. "Marehemu anaaga," watu wakasema. Otilia alisaidia kufunga sanduku. Lilikuwa na joto, joto la kitanda mtu alipotoka sasa hivi, na mkono wake ukasita juu ya kifuniko bila yeye kujua kwa nini.

Doa la pili. Wakamkalisha Evaristo juu yake. Bi Chona akampulizia pombe usoni, akapiga sakafu kwa tawi.

"Rudi! Rudi, usibaki huku! Inuka, twende nyumbani!"

Mwanamume akatetemeka kuanzia miguuni. Akafumbua macho, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Nina njaa," alisema.

Jamani, furaha ile! Watu walilia, Rentería mwenyewe akafuta miwani. Mchana huohuo Prisca na wenzake wakalipeleka sanduku makaburini, wakaimwaga chokaa juu ya Amador. Otilia alimpeleka mumewe nyumbani, naye mume akala maharage sahani tatu, akashukuru kwa adabu kama mgeni.

Jumatatu, winchi zilipozimwa kwa chakula cha mchana, Otilia akatega Jicho kwa kazi. Mbebaji hakuwepo, akalibeba tufe mwenyewe, kikalio hadi kikalio. Alipobonyeza, kompyuta ikajaa mistari myekundu. Hakuna kikalio kilichokuwa pale programu ilipodhani. Akarudia. Yaleyale. Wafagiaji walikuwa wameng'oa utepe uliochafuka wakabandika mpya kwa kukisia, na stendi ilikuwa imegeuka kidogo, kidogo kabisa, lakini kosa la kidole kwenye stendi huwa hatua nzima mwisho wa ukumbi.

Akaliacha Jicho lijitambue, kisha akaliagiza doa la Amador. Likatua mahali safi, pa kijivu, ambapo chokaa haikuwahi kugusa. Akaagiza la Evaristo. Likateleza sakafuni taratibu, likapita alama za viatu, likasimama katikati ya weupe hafifu uliobaki kwenye vinyweleo vya rangi, katikati kabisa ya msalaba uliofagiwa, na Otilia akaelewa kila kitu kwa mkupuo mmoja, kwamba alichokinyanyua jana kwa maua na sala ni kivuli cha mumewe aliye hai, kwamba ndicho kilichokuwa na joto sandukuni, kwamba kimemwagwa juu ya kaburi la mtu mwingine, na kwamba Bi Chona alipopiga sakafu na kuita, palikuwa pamebaki mmoja tu wa kuitika.

Alikimbia bila kuzima mashine.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Jirani alimwona Evaristo akitoka, amechana nywele, anaelekea Hércules. Otilia akamfikia kwenye kichochoro ambacho mumewe hajawahi kukikanyaga maishani. Alikuwa akitembea bila kutazama namba za nyumba. Kwenye geti la bluu akapenyeza mkono kwenye tundu la pembeni, akavuta komeo la ndani kwa kulipapasa mara moja. Mbwa akaja mbio, akamlalia miguuni.

"Evaristo!" Otilia aliita.

Hakugeuka. Prisca akatoka jikoni na gauni lake jeusi, akasimama mlangoni. Akamtazama mwanamume yule, akatazama jinsi alivyokuwa akimkuna mbwa nyuma ya sikio, na uso wake ukabadilika polepole. Akajipangusa mikono.

"Prisca, dada yangu, huyo ni mume wangu," Otilia akasema, ameshika nondo za geti.

"Mwili ni wako," Prisca akajibu kwa sauti ya chini. "Sibishi, dada."

"Basi nipe nikamrudishe."

Prisca akaja mpaka getini. Alikuwa analia, na alikuwa anatabasamu. Akalisukuma komeo mahali pake.

"Mwache ale kwanza," alisema.

Makaburi hayakuwa mbali. Otilia alifika jua bado kali, akaona chokaa imelala nyeupe juu ya udongo wa Amador. Akapiga magoti katikati yake. Akaupiga udongo kwa kiganja, kama Bi Chona alivyopiga kwa tawi, akaita, "Evaristo, rudi! Usibaki huku! Evaristo, twende nyumbani!" Mtunza makaburi akasimama mbali, akajifanyia ishara ya msalaba, akaondoka zake. Aliita mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Kisha akalaza sikio lake kwenye chokaa.

"Naam," ikajibu sauti ya mumewe, kutoka chini sana. "Nipo. Oti, mbona giza hivi?"