Nani Alishinda Fainali ya Kwanza?

Kila asubuhi Zehra hufungua duka lake la vifungo na nyuzi pale Kiponda, Unguja. Kwanza hufagia kizingiti. Kisha hupanga mikebe ya vifungo juu ya meza, halafu hupanda ghorofani kumpelekea mama yake chai. Mama yake, Bi Kulsumbai, ni mtu mzima sasa, na ngazi zimemshinda. Hukaa dirishani akisikiliza njia. Wapita njia wengi huwajua kwa sauti tu.

Mwaka mmoja mji ulikuwa na habari moja: Kombe la Mji linarudi. Zamani, katika miaka ya themanini, yalikuwapo mashindano ya tenisi ya jina hilo. Walikuja wachezaji wa kulipwa kutoka Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, watu ambao kazi yao ilikuwa tenisi, hawana nyengine. Yalichezwa miaka michache, kisha yakafa. Wavu ukaoza, uwanja ukaota majani. Sasa vijana wa mji waliyang'oa majani yale, wakaupiga uwanja saruji na kuchora mistari mipya. Wachezaji wa kulipwa wakaalikwa tena.

Kamati ilitaka watu waijue historia ya kombe lao. Katibu wake, Hamid, alimfuata Zehra dukani. Alijua kuwa marehemu baba wa Zehra, Taherali fundi saa, alicheza katika fainali ya kwanza kabisa. Akamwomba aandike maneno machache ili yachorwe kwenye ukuta wa uwanja.

Zehra hakusita. Hadithi ile alikuwa nayo tangu utotoni. Aliandika kwamba mshindi wa kwanza wa Kombe la Mji alikuwa Taherali wa Kiponda, fundi saa, aliyewashinda wachezaji wa kulipwa wote. Mchoraji akayaandika maneno yale kwa rangi ya buluu, herufi kubwa. Ijumaa Zehra alikwenda kuyaona. Alisimama mbele ya ukuta, akajihisi kama baba yake karudi mjini.

Siku chache baadaye aliingia dukani mwanamke asiyemjua. Alikuwa wa rika lake. Alitoa salamu vizuri, akanunua nyuzi nyeusi, lakini hakuondoka. Akasema anaitwa Mardhiya, binti Hamad, kutoka Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa.

“Dada yangu, sikuja kugombana,” alisema. “Nimeuona ukuta. Kombe lile alishinda baba yangu.”

Uso wa Zehra ukapata moto. Alijibu kwamba pengine mzee amesahau, au alishinda mwaka mwengine. Mardhiya akakataa. Alisema baba yake yu hai, akili yake nzima, na kombe lenyewe limo kabatini kwao mpaka leo.

“Tulipokuwa wadogo hatukumwamini,” aliendelea. “Tulidhani kombe kalinunua. Alikuwa akisema kashinda, na hapana mtu mjini anayemjua. Sasa tumemwambia habari za ukuta, na tangu siku hiyo hasemi na mtu. Anakaa tu.”

Alichukua nyuzi zake, akaaga, akatoka.

Siku ile Zehra hakushika kazi. Mteja alitaka vifungo, yeye akampa zipu. Mumewe, Nadir, aliporudi kutoka kazini bandarini Malindi, alimwambia asijisumbue. Ukuta umeshachorwa, na kombe la bati mtu anaweza kulipata popote. Zehra alitaka kukubali. Lakini kila akikumbuka yule mzee anayekaa bila kusema, moyo ulikataa.

Jirani yao wa mbele, Bi Zeyana, alifanya kazi ya kutunza nyaraka za nchi kwa miaka mingi. Sasa amestaafu. Asubuhi iliyofuata alipopita dukani, Zehra alimhadithia yote. Bi Zeyana alivuta kigoda akakaa.

“Nani alikwambia kuwa baba yako alishinda?” aliuliza.

“Kila mtu anajua, Bi Zeyana.”

“Nakuuliza nani alikwambia.”

Zehra alifikiri. Hakupata jina hata moja. Mwishowe alisema aliona mwenyewe. Alikuwa mtoto mdogo, amebebwa na mama yake. Aliona wanaume wamembeba baba yake mabegani, kutoka uwanjani mpaka Kiponda. Wanawake walipiga vigelegele madirishani na kumrushia maua ya asumini.

“Basi kubebwa ndiko ulikokuona,” alisema Bi Zeyana. “Kushinda umekudhania.”

Bi Zeyana hakumcheka wala hakumlaumu. Alimweleza kwamba historia ya mahali padogo mara nyingi haimo vitabuni. Imo vichwani mwa watu, na watu wanaondoka. Kwa hiyo lazima waulizwe mapema, na waulizwe vizuri.

“Usimuulize mtu, ‘Si kweli kwamba baba alishinda?’” alisema. “Mtu mwenye adabu atakuitikia tu. Muulize, ‘Siku ile uliona nini?’ Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe.”

Alimfundisha pia kutumia simu yake kurekodi sauti. Kwanza aombe ruhusa. Mtu akikataa, basi. Akikubali, kabla ya mazungumzo ataje jina la mtu, mahali na tarehe, ili siku za mbele asiyekuwapo ajue anamsikiliza nani. Kila mmoja aulizwe peke yake, asimsikie mwenziwe. Na sauti ihifadhiwe mahali pawili, kwa sababu simu huanguka na simu huibiwa.

“Na wakipingana?” aliuliza Zehra.

“Watapingana. Andika alivyosema huyu, andika alivyosema yule. Usiwapatanishe kwa kalamu yako. Halafu mtafute wa tatu, asiye wa kwenu wala wa kwao.”

Zehra alianzia nyumbani. Alikaa karibu na mama yake, akaomba ruhusa, akaiweka simu juu ya mto. Aliuliza tu: siku ya fainali ya kwanza, mama uliona nini?

Bi Kulsumbai alitazama nje muda mrefu. Ulimi wa Zehra ulimwasha, akajizuia. Kisha mama akaanza. Alisema wachezaji wa kulipwa walianguka mmoja mmoja, na fainali ikabaki na watu wawili wa Unguja. Mji mzima ulistaajabu. Mmoja alikuwa Taherali. Mwengine alikuwa kijana mwembamba wa Mkokotoni, miguu yake myepesi kama paka. Walicheza mpaka jua likaanza kulala, huku manyunyu ya mvua yakiwapiga. Kijana alibakisha pointi moja tu ashinde. Akapiga mpira, ukaangukia karibu na mstari wa nyuma. Mwamuzi akasema umetoka.

“Baba yako akaenda mpaka kwenye mstari,” alisema mama. “Akaonesha kwa raketi. Akasema kwa sauti, ‘Umeingia.’ Mchezo ukaisha hapo hapo. Kashindwa kwa mdomo wake mwenyewe.”

Hapo watu wakaingia uwanjani, wakamnyanyua Taherali mabegani kwa sababu alisema kweli. Ndiko huko kubebwa alikokuona Zehra.

“Mbona siku zote hukuniambia, mama?”

“Wewe ndiye uliyekuwa ukinihadithia mimi. Hukuniuliza hata siku moja. Ulikuwa mtoto, una furaha. Baba yako alikuwa akicheka tu. Alipofariki, niliona nikikwambia nitakunyang'anya kitu.”

Zehra alizima simu. Alilia kidogo, na hakujua analilia nini hasa. Baba yake hakupungua. Lakini ukuta ulikuwa na uongo, na uongo ule aliuandika yeye.

Wa tatu, yule asiye wa upande wowote, alikuwa Abdulrazak, aliyekaa kwenye kiti cha mwamuzi siku ile. Zehra alimkuta Malindi, kwa mwanawe. Naye aliulizwa alichokiona. Alikiri kwamba ni yeye aliyesema mpira umetoka, na Taherali akamsahihisha mbele ya kadamnasi. Alimkasirikia mwezi mzima. Mshindi, alisema, ni Hamad, na kombe alimkabidhi yeye kwa mikono yake.

Jumapili Nadir alimpakia Zehra kwenye vespa mpaka Mkokotoni. Walipofika alisema kwamba yeye ndiye aliyekosea juu ya lile kombe. Mardhiya aliwapokea mlangoni. Mzee Hamad alikuwa barazani, mgongo umenyooka, macho yako barabarani.

“Shikamoo, Mzee Hamad,” alisema Zehra. “Mimi ni Zehra, binti Taherali.”

“Marahaba,” alijibu mzee, bila ya kugeuka.

Zehra alimwambia kwamba ukuta umekosea, na kosa ni lake. Amekuja kumuuliza jambo ambalo ilimpasa aulize kwanza. Aliomba ruhusa ya kurekodi. Mzee alimtazama Mardhiya, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Alihadithia kwa utaratibu. Alisema ile siku ilikuwa kavu, jua kali, wala hapakuwa na tone la mvua. Kuhusu mpira wa mwisho, alisema alikuwa mbali, hakuona kama uliingia au ulitoka. Aliona tu raketi ya Taherali ikionesha chini. Kisha watu wakamiminika.

“Nilidhani wananijia mimi,” alisema. “Nikatabasamu. Wakanipita.”

Zehra aliiacha simu iendelee kurekodi.

“Nilisimama na kombe mkononi. Uwanja ukawa mtupu. Nikarudi kwetu peke yangu. Taherali alikuwa mtu mzuri, na alistahiki kubebwa. Lakini mimi pia nilicheza.”

Mardhiya aliufunika uso wake kwa mtandio. Kisha aliingia ndani, akatoka na kombe na picha moja ya siku ile ya fainali. Picha ilikuwa imegandana na kioo cha fremu kwa unyevu. Alitaka kuibandua. Zehra alimzuia, kwa sababu Bi Zeyana alishamwambia kuwa picha ikivutwa hivyo huchanika. Waliipiga picha kwa simu ilivyo, wakaandika majina ya waliomo kwenye karatasi, wakaiweka fremu mbali na ukuta wenye maji.

Hamid, katibu wa kamati, hakufurahi. Mashindano yalikuwa karibu, na aliona ni aibu kufuta ukuta mbele za watu. Zehra alimsikilizisha sauti zote tatu. Hamid alisikiliza mpaka mwisho, akaenda mwenyewe kumwita mchoraji.

Ukuta mpya ulisema kwamba mshindi wa kwanza wa Kombe la Mji ni Hamad wa Mkokotoni. Ulisema alimshinda Taherali wa Kiponda, ambaye aliukubali mpira wa mwisho baada ya mwamuzi kusema umetoka. Ulisema pia kwamba mmoja wa walioshuhudia anakumbuka mvua na mwengine anakumbuka jua. Chini pakaachwa nafasi tupu, kwa watakaokuja na habari za miaka iliyofuata.

Na watu wakaja. Bi Time wa Malindi alisema wanawake nao walikuwa na siku yao ya kucheza, na kwamba yeye alifika nusu fainali. Hapana aliyekuwa akilijua hilo, hata wanawe. Mtu mmoja alieleza kwa nini mashindano yalikufa, na mwengine akaeleza tofauti kabisa. Zehra aliwarekodi wote, kila mmoja kwa siku yake.

Siku ya ufunguzi uwanja ulijaa. Nadir na jirani mmoja walimteremsha Bi Kulsumbai ngazi kwa kiti, taratibu, mpaka chini, na kutoka hapo mpaka uwanjani. Mzee Hamad alikuwa amekaa safu ya mbele, kanzu nyeupe, wajukuu pembeni. Alipomwona alisimama.

“Shikamoo, Bi Kulsumbai.”

“Marahaba, Hamad.” Alimtazama vizuri, kama anayemtafuta yule kijana mwembamba ndani ya mzee huyu. “Hongera kwa kushinda. Nimechelewa kukupa.”

Mzee Hamad aliweka mkono kifuani. Akavuta kiti chake, akakisogeza karibu na cha Bi Kulsumbai, akakaa. Uwanjani mwamuzi alitaja majina ya wachezaji wawili, na watu wakanyamaza kutazama.