Ngozi Haikai Bila Mtu

Asubuhi ile chumba cha mbele kilikuwa na kelele zake za kila siku. Cherehani mbili zilikuwa zinashindana, pasi inafuka mvuke, na sare za shule zilizokwisha kukatwa zimejaa mpaka kwenye viti vya wageni. Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani ya dirishani. Mkwe wake, mwanamke kijana ambaye watu wote walimwita Sindano kwa wembamba wake, alikuwa kwenye ya pili. Jirani yao, Mama Vifungo, alikaa chini akishona vifungo, na mpiga pasi alisimama kwenye meza yake karibu na mlango.

Mteja mmoja alikuwa ametoka kuchukua nguo nyeusi za msiba, basi mazungumzo yakaangukia hapo: hivi kifo kilitoka wapi. Mama Vifungo alisema kwao wanasimulia kwamba kinyonga alitumwa aje kuwaambia watu kuwa hawatakufa. Akaja kwa madaha yake, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Mpiga pasi akasema kwao kosa lilikuwa usingizi. Watu waliambiwa wakeshe mpaka uzima uletwe, na ulipofika ukawakuta wanakoroma. Mama Vifungo akamwambia kwamba kwa namna yeye anavyosinzia juu ya pasi, bila shaka waliokoroma ni babu zake kabisa. Wakacheka.

Mama mkwe hakucheka. Alikohoa kwanza, kikohozi kile kilichokuwa kinamla tangu msimu wa mvua, kisha akaeleza kwamba kwao hakuna mnyama wala usingizi. Watu wa mwanzo walikuwa wakizeeka wanajivua ngozi kama nyoka na kuanza upya. Siku moja bibi mmoja alikwenda mtoni, akajivua, akarudi nyumbani msichana. Mjukuu wake akamkataa. Alilia akimtaka bibi yake yule yule, mwenye makunyanzi. Bibi akamhurumia. Akarudi mtoni, akaikuta ngozi yake imenasa kwenye kijiti, akaivaa tena, na akafa nayo. Tangu hapo watu wote wanakufa.

"Kumbe kosa la mtoto," alisema Mama Vifungo.

"La bibi," alijibu mama mkwe. "Angevumilia kilio."

Akakanyaga cherehani yake.

Sindano alimpenda mama mkwe kupita kiasi, kwa kuwa hakumjua mama yake mzazi. Alipojifungua, ni mama mkwe aliyefua nguo za damu na kukataa msaada wa mtu mwingine. Kukiwa na chakula kidogo, mama mkwe ndiye aliyesema ameshiba. Siku Sindano alipoiunguza suti ya mteja, mama mkwe alisimama mlangoni akasema, nimeunguza mimi, uzee huu. Mume wa Sindano alikuwa dereva wa malori ya masafa, hakai nyumbani. Waliobaki ni wao wawili na Kidoti, binti wa Sindano, ambaye hakupata usingizi mpaka alale kwenye mkono wa bibi yake.

Kikohozi kilizidi. Daktari aliwaambia wamrudishe nyumbani, wampe anachopenda. Hapo mama mkwe akamwita Sindano kando ya kitanda, akanong'ona.

"Nitaingia bafuni. Usinifuate. Nikitoka, niamkie kama unavyoniamkia siku zote. Usinikatae, mwanangu."

Sindano alidhani homa imepanda kichwani. Akaitikia, kama tunavyowaitikia wagonjwa.

Mchana ule ule mama mkwe alijikokota mpaka bafuni, akafunga mlango. Maji yalimwagika, yakanyamaza. Kisha ukasikika mchaniko, kama kitambaa kipya kinachochanwa kwa mkono, polepole, kwa kufuata uzi. Ulikuwa mrefu. Ulipoisha, hakukuwa na kikohozi.

Mlango ukafunguka. Aliyetoka alikuwa msichana, mdogo kuliko Sindano, amevaa nguo ya mama mkwe. Ngozi yake ilikuwa na unyevunyevu, kama ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Macho hayakuwa mageni.

Sindano alirudi nyuma hatua moja. Lakini alikuwa ameahidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Siku zile za kwanza Sindano aliishi na furaha ya mwizi. Kwa majirani alisema mama mkwe amepelekwa kwa ndugu zake, na huyu ni mpwa wake amekuja kusaidia kazi. Walimwamini, kwa kuwa msichana alishona vilevile kama mama mkwe. Alikula akashiba. Alicheka. Kidoti peke yake hakumsogelea. Alijificha nyuma ya mlango akilia kwamba hamtaki huyu, anamtaka bibi.

Msichana alimtazama mtoto akilia. Hakumbembeleza. Alitunga uzi kwenye sindano.

Baadaye alimwita Kidoti kwa pipi, akampima. Sindano aliona, akafurahi, akajua mtoto atashonewa gauni. Futi ilipita mabegani, ikapita kiunoni. Ikazunguka kichwa. Ikazunguka kila kidole.

Gauni gani hupimwa vidole?

Cherehani ya dirishani ilihamia chumba cha ndani. Pazia likafungwa. Ilishona asubuhi, ikashona mchana.

Siku moja Kidoti alikuja jikoni ameficha mkono nyuma. Sindano aliuvuta akautazama. Kidole cha shahada kilikuwa na makunyanzi. Ukucha wake ulikuwa mnene, wa njano, umepasuka kama kucha za watu waliofanya kazi miaka mingi. Vidole vingine vilikuwa vya mtoto.

"Nani kakufanya hivi?"

"Bibi mpya," mtoto alinong'ona. "Kanijaribisha."

"Kakujaribisha nini?"

"Ya bibi wa zamani."

Sindano alikisugua kwa sabuni. Akapaka mafuta, akavuta. Alitafuta mahali ngozi ilipoanzia. Hapakuwa na mwanzo.

Akamfungia mtoto jikoni, akalifungua pazia.

Kwenye cherehani kulikuwa na kitu laini, cha rangi ya mwili, kimepigwa mistari ya chaki. Mikono ilikuwa imekwisha kupunguzwa. Mabega yalikuwa yamepunguzwa pia. Uso ulikunjwa chini yake, na nyusi zake zilionekana.

Msichana hakuinua kichwa.

"Ngozi haikai bila mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiivua, mwingine lazima aivae. Kwenye hadithi hawasemi."

"Ni mjukuu wako."

"Amenikataa. Wewe ulinikubali." Kisha akaongeza kwa upole, kama anayefariji, "Utazaa mwingine."

Sindano alishika ukingo wa mlango. Aliyekuwa mbele yake ndiye aliyefua zile nguo za damu. Akijibu anachotaka kujibu, hatakuwa na mama tena. Kutoka jikoni alisikia Kidoti akikohoa. Mtoto hakuwa na kikohozi asubuhi.

"Wewe sikujui," alisema.

Cherehani ikasimama.

"Uliniamkia."

"Nilimwamkia mama mkwe wangu. Yeye asingempima Kidoti. Wewe sikujui. Ondoka kwenye kiti chake."

Msichana alimtazama. Machozi yakamtoka, halafu kifua chake kikatikisika. Kikohozi kile. Kilimkunja mpaka paji la uso likagusa cherehani. Aliponyanyuka, hasira haikuwepo.

"Nipe mkasi mdogo," alisema.

Sindano aliogopa, akampa. Msichana akashika mshono wa bega, akaanza kufumua. Uzi ukawa unamponyoka.

"Nisaidie, mwanangu. Peke yangu sitamaliza."

Basi Sindano akakaa chini. Akashika upande wa pili. Walifumua mshono mmoja baada ya mwingine, kama walivyokuwa wakifumua sare zilizokosewa. Ngozi ilikuwa na joto. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Jua lilipoondoka dirishani, msichana aliibeba begani akaingia bafuni. Muda ukapita. Kisha sauti ikatoka ndani, imechoka.

"Njoo unisaidie mgongoni."

Sindano aliingia akiwa amefumba macho. Akashika kingo mbili kwa vidole, akazivuta zikutane. Zilijifunga zenyewe.

Aliyetoka alikuwa mama mkwe, anahema, ameegemea ukuta. Aliuliza kama mtoto amekula. Sindano akasema amekula. Kidoti alipofunguliwa alikimbia, akapanda kitandani, akalala kwenye mkono wa bibi yake bila kuuliza alikuwa wapi. Mama mkwe alifariki hivyo, mkono umenyooshwa, hakutaka kuuvuta asije akamwamsha.

Kwa majirani Sindano alisema alirudishwa usiku, na mpwa wake ameondoka. Waliomwosha walitoka wakinong'onezana. Mama Vifungo alimvuta Sindano pembeni. Alisema ubavuni mwa marehemu, kutoka kwapani mpaka kiunoni, kuna vitundu vidogo vimepangana kama njia ya sindano. Halafu kuna kidole kimoja, cha shahada, ni laini kama cha mtoto mchanga. Akauliza ni ugonjwa gani ule. Sindano alilia tu, na Mama Vifungo akamfunga nguo yake mabegani, akaacha kuuliza.

Kidoti sasa anasoma, ana afya, ni mcheshi. Kidole chake hakikubadilika. Daktari alikigeuza huku na huku, akauliza umri wa mtoto, akauliza tena.

Mchana Kidoti akisinzia ubavuni mwa mama yake, kidole kile husogea. Vingine vimetulia. Chenyewe huanza begani kwa Sindano, kikatambaa mpaka kwenye kiwiko, kikasimama kidogo. Kisha huendelea mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kinapima.

Sindano hajawahi kuuondoa mkono wake. Afadhali kipime wa kwake kuliko wa mtoto mwingine.