Kilo Kumi na Nne

Kule mtaa wa Panda, kwenye nyumba za zamani za kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mwanamke wa miaka thelathini na minane akianza kujifunza baiskeli hana pa kujificha. Mama Fortunée alianguka mchana kweupe, wiki mbili mfululizo, kwenye uwanja wa mpira, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya mumewe. Wamama waliotoka sokoni walisimama kabisa kumtazama, wakacheka mpaka mabeseni yakataka kuwaanguka kichwani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anajitesa.

Sababu ilikuwa Jessy, bintiye wa miaka sita, mwenye ule ugonjwa wa damu uitwao SS. Ugonjwa huohuo ulimchukua kaka yake, Plamedi, miaka mitatu nyuma. Siku ile Fortunée alimfunga Plamedi mgongoni kwa kitenge cha bluu, akangoja taxi-bus saa nzima, zikipita zimejaa. Alipofika kwenye lango la hospitali, mtoto alikuwa ameshapoa. Mpaka leo hajui ni wapi njiani aliacha kubeba mtoto na kuanza kubeba maiti. Tangu hapo usingizi ulimkimbia. Kila usiku mkono wake ulitembea gizani ukitafuta paji la uso la Jessy. Alitaka baiskeli, kinga kama wanavyoiita kule, ili asingoje tena gari la mtu.

Aliyemfundisha ni jirani yake, Papa Kalenga, mzee aliyesukuma makala, yaani makaa ya kupikia, kwa baiskeli kutoka porini mpaka mjini, hadi goti lilipomgomea.

"Usiangarie pneu, mama! Angaria kule unaenda!" alikuwa akipiga kelele. Mama naye aliangalia gurudumu, akaanguka.

Jumapili ya tatu alikunja kile kitenge cha bluu, akakifunga juu ya kiti cha nyuma, kiwe mto wa Jessy. Wanawake wa msibani walikuwa wamemwagiza kwamba kitenge kilichombeba mtoto aliyekufa huzikwa naye. Aliwapa kingine kinachofanana, hiki akakificha sandukuni. Mama gani angekubali kubaki mikono mitupu?

Siku hiyo alipanda, na baiskeli ikaenda. Ilinyooka, ikazunguka uwanja mara tatu, na Fortunée akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Papa Kalenga hakucheka.

"Shuka, mama. Umebeba nini?"

"Sina kintu, papa."

"Minye nilibebaka makala miaka makumi mbili. Kinga yenye iko na muzigo ninaiyua. Angaria ile pneu ya nyuma."

Waliegemeza baiskeli kwenye goli, bila mtu juu yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limebonyea chini. Mzee alilijaza upepo, likawa gumu. Kisha, wakiwa wanalitazama, likabonyea tena, polepole, bila kutoa pumzi. Kesho yake Papa Kalenga hakuja uwanjani.

Fortunée alikataa kuelewa. Aliendesha kila siku. Akikata kona, kitu nyuma yake kiliinama pamoja naye, kama abiria aliyezoea. Mara nyingine blauzi ilimbana kiunoni, kulia na kushoto.

Ikafika Jumapili moja ya Oktoba, saa nane mchana. Jirani zake wote walikuwa kanisani, na mumewe, Gauthier, alikuwa machimboni tangu Ijumaa. Jessy alilia miguu, akalia mgongo, halafu akaacha kulia. Hapo ndipo Fortunée alipoogopa. Alitoa baiskeli, akamwinua mtoto kumkalisha nyuma. Jessy akajikaza.

"Mama, nitaikala wapi?"

"Hapa nyuma."

"Yaya iko pale."

Yaya: hivyo ndivyo Jessy alivyomwita kaka yake Plamedi. "Iko anafanya nini?" Fortunée alinong'ona.

"Anangoya. Anasema twende mbio. Leo hapana kuchelewa."

Mkono wake ulikwenda kwenye fundo la kitenge ulifungue. Vidole vikakataa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa na wana wawili. Alimkalisha Jessy mbele, juu ya chuma. Akapanda.

Barabara ilikuwa tupu. Akakanyaga. Kilima kikaja. Akakanyaga. Kichwa cha Jessy kikalala juu ya mkono wake. Akamwita. Hakuitika. Akakanyaga. Mikono ikamshika kiuno. Midogo. Baridi. Hakugeuka.

Penye lango la hospitali mikono ikaachia. Baiskeli ikawa nyepesi ghafla, ikayumba, nusura amwangukie mlinzi. Ameenda, alijiambia. Machozi yakamtoka. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ndani, nesi Josée alimweka Jessy kwenye mizani kabla ya kumpa damu.

"Kilo makumi tatu," akasoma, akakunja uso. "Mama, hapana. Huyu mutoto iko mwembamba hivi."

Akampima tena. Thelathini. Akapanda mwenyewe, mizani ikamwambia uzito wake wa siku zote. Akampima Jessy mara ya tatu. Thelathini. Kwenye karatasi ya Jessy, Agosti, iliandikwa kumi na sita.

Fortunée aliegemea ukuta. Karatasi ya Plamedi aliijua kwa moyo, mpaka mstari wa mwisho. Kumi na nne.

Jessy alipewa damu, akapona, na sasa anaruka kamba na wenzake. Baiskeli ni nyepesi, gurudumu halibonyei. Kila mwezi nesi yuleyule anampima, na siku hizi anaandika kwa penseli. Novemba, thelathini. Desemba, thelathini na moja. Januari, thelathini na tatu.

"Mutoto anakomea," Gauthier anasema, amefurahi kwamba binti anakua.

Fortunée anatazama pindo. Gauni la Jessy ni lilelile la mwaka juzi, halijafumuliwa pindo hata mara moja, na bado linamfika magotini.